Mwenye Hoja Hakosi Lugha

Kila mwaka vyuo vikuu vyetu hupokea vijana waliokutana na Kiingereza tangu shule ya msingi, kisha wakasoma karibu masomo yote ya sekondari kwa lugha hiyo na kufaulu mitihani ya taifa iliyoandikwa kwa lugha hiyo. Ukiwasimamisha mbele ya wenzao na kuwaomba waeleze jambo moja kwa dakika tano, bila karatasi, wengi hukwama mapema. Si wavivu, wala si wazito wa akili. Kiingereza wamekiandika, wamekisoma na kukikariri. Nafasi ya kukisema wakiwa na jambo lao wenyewe ndiyo hawajaipata.

Vijana hao ndio ninaowafundisha stadi za mawasiliano katika chuo kikuu jijini Mwanza. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni Kiingereza cha kuzungumza kwa waliokwisha kuvuka ngazi ya mwanzo: kuwasilisha mada mbele ya hadhira na kushindana kwa hoja katika mdahalo. Mimi ni mzaliwa wa Mbuba, wilayani Ngara, na mengi ninayoyaamini kuhusu kazi hii niliyaona Mbuba kabla sijayasoma katika kitabu chochote cha ualimu. Kubwa kuliko yote ni hili: mtu hushika lugha ya kuzungumza anapokuwa na jambo la kutetea, mbele ya mtu anayeweza kumjibu. Hoja hutangulia, lugha ikafuata.

Kiingereza kilivyoingia Ngara

Ngara imepakana na Rwanda na Burundi. Lugha zetu za nyumbani, Kihangaza na Kishubi, ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda, na wazee wetu walizungumza na watu wa ng'ambo ya mpaka bila mkalimani. Kiswahili kilikuwa lugha ya shule, ya zahanati, ya mnadani na ya mkutano wa kijiji. Kiingereza kilikaa ubaoni. Mwalimu alikiandika, sisi tukakinakili, kengele ikilia tunakiacha darasani pamoja na chaki.

Mambo yalibadilika nikiwa bado shule ya msingi. Oktoba 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa, Warundi walianza kuvuka kwa wingi kuja upande wetu. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa takribani saa 24, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia Rwanda. Kambi ya Benako ikageuka mji mkubwa wa maturubai. Zikafuata kambi nyingine, na Mbuba nako kukawa na kituo cha kupokelea wakimbizi na kuwapitisha. Wageni wakawa wengi kuliko wenyeji wa wilaya nzima. Pamoja nao yakaja malori, matangi ya maji, magari meupe yenye antena ndefu, na watu wa mashirika kutoka kila pembe ya dunia ambao lugha yao ya kazi ilikuwa Kiingereza.

Hapo ndipo nilipokiona Kiingereza kikifanya kazi. Kijana mmoja wa jirani yetu, aliyekuwa ameishia kidato cha nne, alipata kazi ya ukalimani. Nilimwona akiwa kati ya muuguzi wa Kizungu na mama wa Kirundi aliyebeba mtoto anayeharisha. Muuguzi anauliza, kijana anageuza. Mama anajibu kwa maelezo marefu yenye machozi, kijana anayachuja: ameanza lini, ameharisha mara ngapi, amekunywa maji au hajanywa. Vitenzi vyake vilikosa nyakati na maneno mengine aliyaonyesha kwa mikono. Lakini ujumbe ulifika, kwa sababu usipofika mtoto angekufa. Kadiri siku zilivyokwenda sentensi zake zilinyooka, hadi wafanyakazi wa shirika wakawa wanamwita yeye mikutano mikubwa ilipokuja. Hakurudi darasani. Alikuwa na jambo la kusema kila siku, na mtu wa kumjibu.

Mwaka 1995 ikaanzishwa Redio Kwizera pale Ngara, chini ya Shirika la Wajesuti la Kuhudumia Wakimbizi. Ilitangaza kwa Kiswahili, kwa lugha za wakimbizi, na kwa Kifaransa na Kiingereza pia. Nyumbani tuliisikiliza jioni, na kwa mara ya kwanza nilisikia watu wanaofanana na sisi wakizungumza Kiingereza kuhusu mambo ya kwetu: mvua, chakula cha mgawo, kuni, barabara, watoto waliopotezana na wazazi. Kitabu cha shule kilikuwa kimenizoesha Kiingereza cha mambo ya mbali. Redio ilinionyesha kwamba kinaweza kubeba habari za Mbuba.

Baraza la mama

Somo la pili nililipata kwa mama yangu, ambaye Kiingereza hakijui kabisa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilielekeza kila kijiji kiwe na Baraza la Ardhi lenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake. Kazi ya baraza hilo ni kusuluhisha. Mama alichaguliwa kuwa mmoja wa wajumbe, na nilipokuwa likizo nilipenda kwenda kusikiliza.

Kesi nyingi zilikuwa za mipaka ya mashamba ya migomba, na nyingine za wajane walionyang'anywa shamba na shemeji zao. Watu walifika wamekasirika, na kila mmoja alitaka kusema kabla ya mwenzake. Mama alikuwa na kanuni moja asiyoilegeza. Kabla mtu hajajibu, alimtaka kwanza aeleze mwenzake amesema nini, na aeleze mpaka mwenzake akubali kwamba naam, ndivyo nilivyosema. Mara nyingi nusu ya ugomvi iliishia hapo, maana iligundulika kuwa kila mmoja alikuwa akijibu kitu ambacho hakikusemwa. Iliyobaki ikawa rahisi kuipima: nani ana ushahidi, nani alikuwapo mpaka ulipowekwa, ule mti wa alama ulipandwa na nani.

Watu waliosimama mbele ya baraza lile walijenga hoja kwa mpangilio ambao leo nahangaika kuuona katika tasnifu za wanafunzi wangu. Wengine hawakupita darasa la saba, lakini walitaja jambo, wakalitolea ushahidi, wakaonyesha linavyohusiana na madai yao, wakatabiri mwenzao atasema nini na kumjibu mapema. Kwa hiyo ninapomsikia mhadhiri mwenzangu akisema vijana wa siku hizi hawawezi kufikiri kwa kina kwa kuwa wanashindwa kuzungumza Kiingereza, siwezi kukubaliana naye. Akili ya mdahalo imo vijijini mwetu tangu zamani. Kazi ya mwalimu wa Kiingereza ni kuifungulia mlango wa lugha nyingine.

Historia ya Mlimani

Nilipofika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kama mwanafunzi, nilikuta wazee wa pale wakizisimulia zama za mijadala mikubwa. Chuo hicho kilianza Oktoba 1961 kwa kitivo cha sheria na wanafunzi wasiozidi darasa moja dogo, katika jengo la Mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mlimani palikuwa na moto wa hoja. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alifundisha hapo kuanzia 1966 hadi 1967 na tena kuanzia 1969 hadi 1974. Wanafunzi waliunda chama cha mapinduzi kilichojulikana kama USARF, mwenyekiti wake akiwa kijana wa Uganda aliyeitwa Yoweri Museveni. Jumapili asubuhi walikutana katika madarasa ya itikadi waliyoyaendesha wenyewe, nje ya ratiba ya chuo. Walisoma, wakaleta waliyoyasoma, wakabishana. Chama hicho kilipigwa marufuku Novemba 1970, lakini waliokipitia waliendelea kuwa waandishi, wanasheria, wanasiasa na walimu.

Vijana wale walitoka katika lugha nyingi za nyumbani kama wanafunzi wangu wa leo. Hakuna aliyewawekea somo la matamshi siku ya Jumapili. Walizungumza Kiingereza kwa ufasaha kwa sababu walikuwa wanagombania maswali yaliyowahusu: ardhi iwe ya nani, viwanda viwe vya nani, Afrika Kusini ikombolewe kwa njia gani. Ninapowasimulia wanafunzi wangu habari hiyo, ninawaeleza kwamba ufasaha wa wazee wale ulizaliwa na uzito wa maswali yao.

Kuwasilisha mada

Muhula wangu huanza na uwasilishaji. Wanafunzi huuita presentesheni, na kwa mazoea waliyokuja nayo maana yake ni kusimama kando ya ukuta, kugeukia projekta, na kusoma slaidi zilizojaa aya zilizonakiliwa kutoka intaneti. Msikilizaji anaweza kuzisoma mwenyewe haraka kuliko msemaji. Basi slaidi naziondoa. Katika wiki za mwanzo mwanafunzi haruhusiwi slaidi wala karatasi iliyoandikwa sentensi nzima. Anabeba kipande kidogo chenye maneno machache ya kumkumbusha mpangilio, anasimama mbele, anatuangalia, anazungumza kwa dakika tano.

Mada lazima itoke mahali anapopajua. Kijana wa Sengerema alitueleza kuhusu kivuko cha Busisi: foleni ya malori, wagonjwa waliosubiri zamu usiku, wauza samaki na mahindi ya kuchoma walioishi kwa foleni hiyo, na hatari iliyowakabili wafanyabiashara hao daraja la Kigongo–Busisi litakapokamilika. Daraja hilo lilifunguliwa Juni 2025, na swali lake kuhusu riziki ya wale wauzaji bado ni swali zuri. Kijana yule alikuwa ameniambia wiki moja kabla kwamba Kiingereza chake ni kibovu na angependa asamehewe. Siku ile alipitiliza muda, na mtunza muda alilazimika kugonga meza.

Baada ya kila uwasilishaji kuna maswali, na hapa ndipo mafunzo yenyewe yalipo. Dakika tano za kwanza mwanafunzi anaweza kuziandaa chumbani na hata kuzikariri. Swali haliwezi kukaririwa. Linamlazimisha asikilize, afikiri na apange sentensi papo hapo. Ninawafundisha misemo ya kujinunulia muda kwa heshima, namna ya kumwomba muulizaji afafanue, namna ya kukiri kwamba sehemu fulani ya swali ina uzito na kujibu iliyobaki. Hizi ndizo stadi ambazo kijana atazihitaji mbele ya jopo la usaili, au katika mkutano wa Arusha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Makosa na namna ya kuyarekebisha

Kuna makosa ambayo mwalimu huyaona katika mazungumzo tu. Mwanafunzi wangu akiandika insha hachanganyi kabisa viwakilishi vya mwanamume na mwanamke. Akizungumza kwa kasi, dada yake anakuwa he na baba yake anakuwa she. Kanuni anaijua. Lakini katika Kiswahili, na katika lugha zetu nyingi za Kibantu, kiwakilishi hakibagui jinsi, na mtu anapofikiri hoja ulimi hurudi kwenye njia uliyoizoea. Kanuni iliyo kichwani bado haijashuka mdomoni, na kinachoishusha ni kusema mara nyingi.

Mkazo wa maneno ni jambo jingine. Kiswahili huweka mkazo karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza huuhamisha: photograph mkazo uko mwanzo, photographer uko silabi ya pili, photographic uko ya tatu. Msikilizaji kutoka Lagos au London anaweza kuvumilia lafudhi yetu bila tabu yoyote, na sina nia ya kumfanya mtoto wa Ngara asikike kama mtu wa Uingereza. Lakini mkazo ukikaa pasipo pake neno halitambuliki kabisa, hoja nzuri ikapotea njiani. Kwa hiyo natumia muda kwenye mkazo kuliko kwenye lafudhi.

Namna ya kurekebisha ina uzito kuliko makosa yenyewe. Katika shule niliyosoma, aliyekamatwa akizungumza Kiswahili alivalishwa kibao shingoni, na aliyekosea Kiingereza alichekwa na darasa zima. Tuliobaki tulijifunza kunyamaza. Watu wazima wengi nchini mwetu bado wanabeba ukimya ule, na vijana wengi wanaufikisha chuoni. Darasani kwangu hakuna anayemcheka msemaji, na mimi mwenyewe simkatizi. Naandika. Akimaliza, namwambia kwanza alichotufikishia, kisha makosa mawili au matatu yanayojirudia, tena yale tu yanayozuia kueleweka. Kila mwanafunzi anajirekodi kwa simu yake, anajisikiliza akiwa peke yake, na kuandika atakachobadilisha safari ijayo. Wengi hujirekebisha kwa ukali kuliko ambavyo ningewarekebisha mimi.

Mdahalo

Katikati ya muhula tunaingia kwenye mdahalo. Wanafunzi wamezoea ule wa sekondari, wa kuamua kama mwalimu ni bora kuliko daktari au kijiji ni bora kuliko mji. Una faida yake kwa wanaoanza. Lakini mtu wa chuo kikuu anahitaji hoja ambayo watu wazima wenye akili timamu wanatofautiana juu yake, na ambayo ushahidi wake unaweza kutafutwa.

Tunatumia kwa kiasi utaratibu wa mashindano ya vyuo vikuu, ule unaofuata mfano wa Bunge la Uingereza: timu nne za watu wawili wawili, mbili zinaunga mkono hoja na mbili zinapinga, kila msemaji akipewa dakika saba, na maandalizi ya dakika 15 tu baada ya hoja kutangazwa. Katikati ya hotuba mpinzani anaweza kusimama na kuomba kuuliza, isipokuwa dakika ya kwanza na ya mwisho. Mashindano ya dunia ya mtindo huo yalifika Gaborone mwaka 2011 na Cape Town mwaka 2019, na yana kundi la washindi wa pekee kwa wale ambao Kiingereza ni lugha yao ya pili. Nawaambia wanafunzi wangu habari hiyo ili wajue kwamba watu wengi duniani wako katika hali kama yao na wanashindana bila aibu.

Mdahalo ulionifundisha mengi ulihusu nikeli. Kabanga, wilayani kwetu Ngara, kuna akiba kubwa ya nikeli iliyojulikana kwa miongo mingi. Januari 2021 Serikali ilitia saini makubaliano yaliyozaa kampuni ya Tembo Nickel, Serikali ikiwa na hisa asilimia 16, na mpango ukawa kuchimba Ngara na kusafisha madini Kahama, kwenye eneo ulipokuwa mgodi wa Buzwagi. Niliweka hoja: nikeli ya Ngara isafishwe Ngara. Kwa makusudi nilimpa kijana wa Ngara upande wa kupinga, na msichana wa Kahama upande wa kuunga mkono.

Kabla hawajaanza, msichana yule aliinua mkono. "Madam, naomba tujiandae kwa Kiswahili, halafu tukisimama ndiyo tuseme Kiingereza."

"Jiandaeni kwa lugha yoyote," nilimjibu. "Mbele hapa nitasikiliza Kiingereza na hoja."

Dakika zile 15 zilikuwa za kelele nzuri. Walijadili umeme, wakataja mradi wa Maporomoko ya Rusumo wenye megawati 80 ambazo Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana sawa. Wakajadili barabara, reli ya Isaka, vumbi, maji, ajira za vijana wanaoishi jirani na mgodi, na wajibu wa eneo moja kwa taifa zima. Waliposimama kuzungumza, niliweka kanuni ya mama: huwezi kumjibu mpinzani mpaka umeeleza hoja yake kwa namna atakayoikubali mwenyewe. Kijana wa Ngara alilazimika kueleza kwa Kiingereza, kwa haki, kwa nini kijiji chenye madini kistahili kiwanda, kisha akaeleza kwa nini gharama zinaweza kuelekeza kiwanda kwingine. Alitafuta maneno, akayapata. Msichana wa Kahama alitetea Ngara kwa nguvu kiasi kwamba wenyeji wa Ngara darasani waliishia kumpigia makofi.

Kanuni ile inafundisha lugha kuliko zoezi lolote la sarufi ninalolijua. Ili urudie hoja ya mtu kwa haki, lazima umsikilize kwa makini, ubadilishe maneno yake bila kubadili maana, na utumie misemo ya tahadhari na ya masharti ambayo ndiyo Kiingereza cha juu chenyewe: iwapo, hata kama, kwa kiasi fulani, isipokuwa pale ambapo. Pia inafundisha uungwana. Anayezoea kueleza hoja ya mpinzani kwa haki hawezi kirahisi kuwa mtu wa matusi mitandaoni au bungeni.

Nafasi ya Kiswahili

Najua swali ambalo msomaji wa Kiswahili atauliza: kwa nini tujitaabishe na Kiingereza? Ni swali la haki na lina historia ndefu. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia 1985, na baadaye vyuo vikuu. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walichunguza Kiingereza mashuleni na kukuta kuwa kiwango cha wanafunzi wengi wa sekondari kilikuwa chini mno hata wasiweze kufundishwa masomo mengine kwa lugha hiyo. Zaidi ya miaka 40 imepita na tungali tunabishana.

Msimamo wangu ni wazi. Mtoto afundishwe maarifa kwa lugha anayoielewa, na Kiingereza afundishwe kama lugha, na walimu walioandaliwa vizuri. Kukifanya Kiingereza kuwa chombo cha kufundishia fizikia hakujawafanya watoto wetu wajue kuzungumza Kiingereza, na fizikia wengi wameikosa. Hapo hapo, mtoto wa Mbuba anaishi karibu na mpaka wa nchi tatu zilizomo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Forodha za Rusumo na Kabanga, miradi ya pamoja ya umeme, mikataba ya madini na misaada ya kibinadamu vyote huandikwa na kujadiliwa kwa Kiingereza kwa sehemu kubwa. Anayenyamaza mezani huamuliwa na wengine. Nataka vijana wetu wakae mezani, wazungumze, wasikike.

Kiswahili darasani kwangu ni msaada wa kufikia huko. Mwanafunzi anayeruhusiwa kufikiri kwa Kiswahili wakati wa maandalizi huja mbele na Kiingereza chenye hoja nzito. Anayekatazwa huja na sentensi fupi alizozikariri.

Wanaonyamaza

Lipo kundi moja ninaloliangalia kwa jicho la pekee, nalo ni wanafunzi wa kike. Katika madarasa mengi wavulana huwahi kusema na kusema kwa muda mrefu. Sigawi nafasi kwa kusubiri mikono iinuliwe. Kila mmoja ana zamu, kila mmoja ana dakika zake, na wenyeviti wa midahalo hubadilishana, nusu yao wasichana. Wengi wa wasichana hao, wakishapata zamu iliyolindwa na mwenyekiti na mtunza muda, huzungumza kwa mpangilio bora kuliko wale waliokuwa wakiwafunika. Sheria ile ya mwaka 1999 ilipoamuru wanawake wawemo barazani, sauti kama ya mama yangu ilisikika kijijini. Darasa nalo linahitaji kanuni iliyoandikwa, maana nia njema peke yake haimfikishii aliye nyuma zamu yake.

Wenzangu huniambia kwamba haya yanawezekana katika darasa dogo tu. Madarasa yangu ni ya mamia. Ninayagawa katika vikundi vya semina, kila kikundi kinakuwa na mwenyekiti, mtunza muda na watathmini wawili wenye fomu. Fomu hiyo ina vipengele vitano vyenye uzito sawa: hoja, ushahidi, kujibu mpinzani, kusikika, na lugha. Ninazunguka. Mwanafunzi anayetathmini wenzake kwa fomu hiyo hujifunza mengi kama yule anayezungumza, kwa kuwa analazimika kusikiliza kwa kusudi. Ukumbi wa kifahari hauhitajiki, wala vifaa vya gharama. Vinahitajika viti vinavyoweza kugeuzwa, saa, na mwalimu aliye tayari kunyamaza ili wanafunzi wazungumze.

Neno kwa walimu na vijana

Kwa walimu wa sekondari za Mbuba, Rulenge, Nyakahura na kwingineko Ngara na Biharamulo nina ombi. Msingoje vijana wafike chuo kikuu. Wekeni mdahalo wa kila wiki, mkiwapa hoja za hapo hapo kijijini: bei ya kahawa, mipaka na hifadhi, ng'ombe na mashamba, umeme, maji, mgodi. Waacheni wajiandae kwa lugha wanayoitaka, kisha wasimame na kusema Kiingereza bila kuchekwa. Vueni vibao shingoni mwao. Mmoja akikosea, mwacheni amalize, kisha msaidieni.

Kwa wahadhiri wenzangu, tupunguze saa tunazozungumza sisi na tuongeze saa wanazozungumza wao. Tuwape alama kwa hoja na kwa kujibu, si kwa slaidi.

Na kwako kijana unayesoma haya ukiwa na hofu ya kusimama mbele ya watu: tafuta jambo unalolijua na linalokuuma, tafuta mtu atakayekupinga kwa haki, kisha anza kusema leo kwa Kiingereza ulicho nacho. Kilichobaki utakipata ukiwa unazungumza.